Picha safi Mombasa: simu, laptopu, runinga au kiboksi?

Akaunti ni moja, filamu ni moja, Wi-Fi ni moja. Kwenye simu ya binti picha imetulia mpaka maandishi ya leso yanasomeka. Kwenye runinga ya inchi 43 pale sebuleni, nyuso zimefifia na kingo za herufi zimemeguka. Wa kwanza kulaumiwa huwa mtandao. Watu wanampigia simu mtoa huduma, wanapandishiwa kasi, wanaanza kulipa zaidi kila mwezi, na picha inabaki pale pale, maana aliyeibana ni kile kifaa kilichochomekwa nyuma ya runinga.

Naliandika hili kwa uchungu, kwa sababu pesa za familia nyingi hapa Mombasa zinapotelea kwenye nambari iliyochapishwa juu ya boksi. Nambari ile inaeleza kifaa kinaweza kutoa picha gani kwenye kioo. Haielezi Netflix au Prime Video zitakubali kukipa picha gani. Ukiyatenganisha mambo hayo mawili, kuchagua kunakuwa rahisi.

Nambari zenyewe

480p ni picha ya pikseli 854 kwa 480. 720p ni 1280 kwa 720. 1080p, ile iitwayo Full HD, ni 1920 kwa 1080, na 4K ya runinga ni 3840 kwa 2160, yaani mara nne ya pikseli za 1080p. Hayo yanatosha. Picha inayokufikia huamuliwa na kilicho dhaifu kuliko vyote njiani: kifurushi ulicholipia, kifaa, kivinjari, kebo, mtandao, kioo. Barabara ya Ukunda hata ikipanuliwa njia sita, ukifika Likoni utavuka kwa kadiri feri inavyobeba.

Kufuli usiloliona

YouTube na Netflix haziendeshwi namna moja. YouTube inakufungulia orodha ya ubora, kuanzia 144p mpaka 2160p ikiwa mwenye video aliipandisha kwa kiwango hicho, nawe unachagua. Netflix haina orodha kama hiyo. Inakagua kifaa chako kwanza, kisha inaamua yenyewe.

Kwenye Android ukaguzi huo unapitia Widevine, mfumo wa Google wa kuzuia filamu zisinakiliwe. Una ngazi tatu, na mbili ndizo utakazokutana nazo. Kwenye L1, kufungua kufuli na kuisoma video hufanyika ndani ya sehemu maalumu ya chipu ambayo programu nyingine haziwezi kuichungulia. Kwenye L3, kazi hiyo inafanywa na programu ya kawaida, wenye filamu hawaiamini, na Netflix inaishusha picha mpaka 480p au karibu na hapo. Kifaa kinaweza kuwa na kioo kizuri, RAM ya kutosha na nembo ya 4K yenye kung'aa, na bado kikawa L3. Hata simu za bei kubwa zimewahi kunaswa hapo: OnePlus 5 na 5T za mwaka 2017 zilitoka kiwandani bila L1, na mwanzoni mwa 2018 kampuni ikawaambia wenye nazo wazirudishe ili zirekebishwe.

Apple ina mfumo wake, FairPlay, na Windows ina PlayReady. Lengo ni lile lile.

YouTube kwa video za kawaida haina kufuli hilo, ila ina kikwazo chake cha namna video inavyobanwa. Mpaka 1080p, YouTube huwa na toleo lililobanwa kwa mbinu iitwayo H.264, ambayo karibu kila kifaa kinaisoma. Kupita hapo, yaani 1440p na 4K, hutumia mbinu nyingine, VP9 au AV1. Kifaa kisichosoma VP9 kitakwama kwenye 1080p hata kikiwa na kioo cha 4K. Apple TV 4K iliingia sokoni mwaka 2017, lakini YouTube ya 4K haikupatikana humo mpaka tvOS 14, toleo la mwaka 2020 la mfumo unaoendesha kifaa hicho, ilipoleta VP9.

Na kuna hali moja inayowasumbua watu bila sababu. Video ya harusi imepandishwa YouTube muda mfupi uliopita, jamaa wa Lamu na Muscat wote wanaifungua, na orodha inaishia 360p. Kifaa hakina kosa. YouTube hutayarisha matoleo ya chini kwanza, na ya juu hufuata baadaye, hasa video ikiwa ndefu. Rudi kesho yake uifungue tena.

Simu

Kwa mtu mmoja, simu ndiyo njia ya bei nafuu zaidi ya kupata picha safi, na ndiyo inayodharauliwa zaidi. iPhone zinapata HD kwenye Netflix bila matata. Kwa Android, simu nyingi za majina yanayojulikana zina L1, lakini zipo za bei ya chini zenye L3, na simu nzuri inaweza kushuka daraja ikifunguliwa mfumo wake na fundi ili iwekewe toleo jingine la Android. Unaponunua simu iliyotumika, hilo ni swali la kuuliza kabla ya bei.

Kujua ni rahisi. Ndani ya programu ya Netflix, kwenye mipangilio yake, kuna sehemu inayoonyesha ngazi ya Widevine na ubora wa juu kabisa ambao simu hiyo itapewa. Ukiona L1 na Full HD, tulia. Ukiona L3, hakuna bando wala ruta itakayokusaidia.

Kifurushi nacho kina neno lake. Kile cha simu pekee ambacho Netflix inauza Kenya kinaishia 480p, na kinachezwa kwenye simu au tableti moja kwa wakati mmoja. Kile cha Basic kinaishia 720p, Standard 1080p, na Premium ndiyo 4K. Nimesikia watu wakilalamika kuwa simu yao mpya inaonyesha picha ya zamani, kumbe wamelipia kile cha kwanza. Kwa kioo cha inchi 6, mtu anayetumia bando, mimi namwambia abaki hapo hapo. Netflix inakadiria kuwa ubora wa kati unakula mpaka GB 0.7 kwa saa, HD inakula mpaka GB 3, na 4K mpaka GB 7. Filamu ya saa mbili, basi, ni GB 1.4 au GB 6 au GB 14. Kwenye kioo cha simu tofauti ya picha ni ndogo. Tofauti ya bando si ndogo hata kidogo.

Tena ubora huo hupangwa kwa kila profaili peke yake. Mtu akiishusha profaili ya nyumbani ili kuokoa data siku za mwisho wa mwezi, runinga inayotumia profaili hiyo nayo itashuka. Angalieni hapo kabla ya kumwita fundi.

Laptopu

Hapa kivinjari ndicho kinachoamua, na ni wachache wanaojua. Kwa Windows, Netflix kwenye Chrome, Firefox au Opera inaishia 1080p. Kwenye Edge inaweza kufika 4K. Kwa kompyuta za Mac, Safari ndiyo inayofika 4K, na ni kwa mashine mpya zenye chipu ya T2 au chipu za Apple zenyewe. Kwa hiyo laptopu moja, meza moja, filamu moja, unafunga Chrome unafungua Edge na picha inaweza kubadilika.

Lakini tusijidanganye na hiyo 4K. Laptopu nyingi zinazouzwa mjini kwetu ni zile zilizotumika kutoka Uingereza, mashine imara za ofisini, na nyingi kati ya hizo zina kioo cha 1366 kwa 768. Isitoshe, Netflix ya 4K kwenye Windows inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 7 kwenda mbele, au ya aina hiyo kutoka kampuni nyingine. Mashine ya kizazi cha 4 au cha 6 haitafika, hata ukiifungia runinga ya bei gani. Faida yake ni nyingine: ukiwa nayo tayari, kebo ya HDMI na Edge vinakupa 1080p kwenye runinga bila kununua chochote zaidi.

Kebo lazima iwe HDMI. Filamu zinazolindwa hutaka HDCP, yaani makubaliano kati ya mashine na kioo kwamba hakuna anayerekodi katikati. Kwa 4K inatakiwa HDCP 2.2 kutoka mwanzo mpaka mwisho. VGA haina makubaliano hayo kabisa, na projekta nyingi za zamani kwenye kumbi zina VGA peke yake. Ndiyo maana adapta ya HDMI kwenda VGA mara nyingi inaleta giza au picha iliyoshushwa pale Netflix inapofunguliwa, ingawa YouTube inacheza vizuri.

Ukitaka kuona unapewa nini, ndani ya Netflix kwenye kompyuta bonyeza Ctrl, Shift, Alt na D kwa pamoja. Mistari ya takwimu itatokea juu ya picha, na humo utaona pikseli zinazochezwa wakati huo.

Runinga ya smart, kiboksi cha bei nafuu, na stiki iliyoidhinishwa

Hapa ndipo nataka tukae.

Runinga za smart za Samsung, LG na Hisense zina programu ya Netflix iliyotengenezwa kwa ajili yake na kukaguliwa. Ikiwa runinga yako ni ya miaka ya karibuni na Netflix inafunguka kwa rimoti yake bila shida, umeshapata ubora wa juu ambao kioo hicho kinaweza kubeba, kwa kadiri ya kifurushi chako. Usinunue kitu kingine.

Tatizo la runinga za smart ni umri. Kioo kinaweza kudumu miaka kumi na zaidi, programu haidumu hivyo. Desemba 2019 Netflix iliacha kufanya kazi kwenye baadhi ya runinga za zamani za Samsung na Vizio na baadhi ya vifaa vya zamani vya Roku. Hilo linatuhusu sana sisi, kwa sababu ya hizi runinga zilizotumika zinazoletwa kutoka Uingereza. Nyingi zina kioo kizuri cha Full HD, rangi zimetulia, sauti nzuri. Muuzaji atakwambia ni smart, na kweli iliwahi kuwa smart. Ukifika nyumbani Netflix haifunguki, au YouTube inajivuta. Kioo kile usikitupe wala usikikatae. Mimi naona runinga ya namna hiyo pamoja na stiki nzuri, yaani kile kijiti kinachochomekwa kwenye tundu la HDMI, ni ununuzi wa busara kuliko runinga mpya ya jina lisilojulikana, kwa sababu baadhi ya hizo mpya zimewekewa Android ya kawaida ya tableti, na zina L3 tangu siku ya kwanza.

Sasa kiboksi. Kuna viboksi vya Android vinavyouzwa kwa bei ya chini, vimepangwa kwenye vioo vya maduka ya Digo Road na kwingineko, kila kimoja kimeandikwa 4K, vingine 8K. "Mamangu, chukua hii, ina kila kitu, hata mechi zote za Uingereza zimo bure." Mama anachukua. YouTube inacheza vizuri, kwa hiyo anaamini hakudanganywa. Akifungua Netflix aliyolipia, anapewa 480p kwenye runinga ya inchi 50. Kiboksi hakina L1, na hata kingekuwa nayo, Netflix hukagua na kuidhinisha kila aina ya kifaa cha runinga kabla ya kukipa HD. Prime Video nayo inakikatia vivyo hivyo.

Dalili za kiboksi kisichoidhinishwa zinaonekana bila kuwa fundi. Ukurasa wa kwanza unafanana na wa tableti, una vijipicha vya programu tupu bila safu za filamu. Netflix iliyomo ni ile ya simu, kwa hiyo rimoti inashindwa kuiendesha mpaka uwashe kishale cha panya. Ukiingia kwenye mipangilio ya Play Store unakuta kifaa hakijathibitishwa, au Play Store yenyewe haimo.

Na picha si hasara ya pekee. Juni 2025 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa tahadhari kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoingiziwa programu hasidi, vingine kabla havijamfikia mnunuzi. Viboksi vya runinga ni miongoni mwa vifaa vilivyotajwa, na mojawapo ya dalili zilizoorodheshwa ni kifaa kinachotangaza kuwa kinafungua maudhui bure. Kifaa kama hicho kinakaa ndani ya Wi-Fi ile ile ambayo simu yako ya M-Pesa inatumia. Nikiambiwa kiboksi kina kila kitu bure, mimi nakirudisha mezani.

Stiki au kiboksi kilichoidhinishwa kinagharimu zaidi, kina nguvu kidogo kwenye karatasi, na kinashinda. Fire TV Stick, Xiaomi TV Box S, Chromecast yenye Google TV iliyotoka mwaka 2020, Google TV Streamer ya 2024 iliyochukua nafasi yake, Apple TV 4K: vyote hivi vinapata HD kwa Netflix, na vya 4K vinapata 4K kweli. Angalia jina kwa makini, kwa sababu Fire TV Stick ipo ya HD na ipo ya 4K, na Chromecast yenye Google TV ilitolewa pia ya HD mwaka 2022. Ya HD inaishia 1080p. Kwa runinga ya Full HD hiyo ndiyo inayofaa, na tofauti ya bei ibaki mfukoni.

Kitu kimoja zaidi kwa wenye runinga ya 4K ya miaka ya nyuma: si kila tundu la HDMI lina HDCP 2.2. Mara nyingine ni moja tu kati ya matatu. Stiki ikikataa kutoa 4K, ihamishie tundu jingine kabla ya kuirudisha dukani.

Kutuma kutoka simu

Njia mbili zinachanganywa. Kuakisi ni kuionyesha runinga kile kilicho kwenye kioo cha simu. Picha inabanwa tena na kusafiri hewani mara ya pili, inapoteza ukali, na Netflix mara nyingi huizuia kabisa. Kutuma ni simu kuiambia runinga "fungua video ile", kisha runinga inaivuta yenyewe kutoka intaneti kwa ubora wake. Kwa YouTube, kutuma ni bora mara zote. Kwa Netflix, mlango huo ulifungwa kwa sehemu kubwa mwishoni mwa 2025: vifaa vingi vyenye rimoti yake havipokei tena, na vilivyobaki ni vichache, kama Chromecast za zamani zisizo na rimoti. Usinunue kifaa leo kwa kutegemea kutuma Netflix.

Mtandao wa Mombasa, na kuta za nyumba zetu

Mji huu hauko pembezoni mwa intaneti. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilitia nanga hapa mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010, na PEACE imekuja baadaye. Zikikatika tunajua: tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikalegea. Siku za kawaida, hata hivyo, Netflix na YouTube huhifadhi nakala za video kwenye seva zilizo ndani ya mitandao ya watoa huduma, kwa hiyo filamu unayoitazama Bamburi si lazima ivuke bahari usiku huo.

Kasi inayotakiwa ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Netflix inashauri Mbps 3 kwa 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Kifurushi cha chini cha faiba nyumbani kinatosha 1080p, ikiwa laini ni yako peke yako. Pale nyumba kadhaa za ghorofa moja zinapogawana laini, saa mbili usiku kila mtu yuko mtandaoni, na video inashuka yenyewe kutoka 1080p mpaka 480p bila kukuuliza. Hiyo ndiyo hali ambapo kulalamikia mtandao ni haki.

Kuna na kuta. Mji wa Kale, nyumba za mawe ya matumbawe zina kuta nene ambazo Wi-Fi ya 5 GHz haipendi kuzipita. Ile ya 2.4 GHz inapenya zaidi, lakini inabeba kidogo na inagongana na ruta za majirani. Ruta ikiwa chumba cha mbele na runinga ukumbi wa ndani, jaribu kuihamisha ruta kwanza, au pitisha kebo ya mtandao moja kwa moja mpaka runingani. Kebo hiyo huwa na bei ndogo kuliko nyongeza ya kasi utakayolipa mwezi baada ya mwezi.

Namna ya kupambanua ni hii. Picha ikianza na ukungu kisha ikasafika, halafu ikarudi ukungu, huo ni mtandao. Picha ikiwa na ukungu ule ule dakika zote, usiku na asubuhi, hicho ni kifaa au kifurushi.

Unakaa umbali gani?

Hili wauzaji hawaliulizi. Jicho zima la kawaida haliwezi kutenganisha nukta zilizo karibu kuliko dakika moja ya nyuzi, yaani pembe ndogo ya sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja. Ukipiga hesabu hiyo, runinga ya inchi 32 yenye 1080p, ukikaa mbali zaidi ya mita 1.3, pikseli zake huzioni tena. Yenye 720p ni mita 1.9. Inchi 43 yenye 1080p ni mita 1.7, na inchi 55 ni mita 2.2. Kwenye sebule nyingi za Majengo, Tudor au Mikindani kochi liko mita mbili na nusu au tatu kutoka runinga. Kwa inchi 43 hapo, pikseli za ziada za 4K zimepotea hewani. Kinachobaki cha 4K ni rangi za HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana zaidi, ikiwa runinga inaziweza kweli, na data nyingi zaidi kwa kila picha, jambo linaloonekana kwenye moshi, maji na giza.

Runinga nyingi za inchi 32 zinazouzwa kama HD zina pikseli 1366 kwa 768. Kuzilipia Premium ni kulipia kitu kisichoingia.

Nani achukue nini

Anayekaa chumba kimoja Kisauni na anatumia bando: simu yenye L1, kifurushi cha simu, ubora wa kati. Pakua filamu ukiwa kwenye Wi-Fi ya kazini au chuoni, uitazame nyumbani bila data.

Familia yenye runinga ya inchi 32 mpaka 43, iwe mpya au ya kutoka Uingereza, yenye faiba ya kawaida: stiki ya HD iliyoidhinishwa na kifurushi cha Standard. Nasema hivi bila kusita, kwa sababu ndiyo hali ya nyumba nyingi mjini, na ndiyo inayouziwa viboksi vya 4K kila siku. Ikiwa runinga ni ile ya pikseli 1366, hata Basic inatosha.

Mwanafunzi mwenye laptopu: Edge na kebo ya HDMI. Basi.

Mwenye inchi 55 au zaidi, anayekaa mita mbili au pungufu, mwenye laini yake ya Mbps 15 kwenda juu: 4K ina maana kwake. Atumie programu iliyo ndani ya runinga kama ni ya karibuni, au stiki ya 4K. Anayetazama YouTube peke yake, asiyelipia huduma yoyote, ndiye pekee ambaye kiboksi cha bei nafuu kitampa picha anayoitaka, na hata yeye namsihi asikinunue, kwa sababu ya zile programu hasidi.

Ukienda dukani, mwambie muuzaji akiwashe kifaa, nawe ukipe mtandao kwa hotspot ya simu yako. Tazama ukurasa wa kwanza. Fungua Play Store, ingia mipangilio, uone kama kifaa kimethibitishwa. Kama ni cha Android, pakua programu iitwayo DRM Info na usome ngazi ya Widevine. Mwenye akaunti ya Netflix anaweza kuingia na kutafuta Test Patterns, video za majaribio za Netflix zenyewe, zinazoandika ubora juu ya picha. Akimaliza aitoe akaunti yake kwenye kifaa kile asiisahau humo. Kisha risiti iandikwe jina kamili la kifaa na toleo lake. Risiti iliyoandikwa "TV box 4K" haitakupa pa kusimama ukirudi nacho.